Nani Amemdharau Nani?

Wakili wa Mama hutuma ujumbe kwa Kiingereza, mfupi, kama mtu anayelipia kila herufi. Mama amezoea. Maneno mengi ameyajua kwa kuyaona tu: file, order, next week, kindly. Lakini Jumanne moja aliniletea simu, akaiweka kando ya sahani yangu ya chapo na ndengu, kidole kikiwa juu ya neno moja.

"Hii nayo ni nini?"

Contempt.

Nilijibu vile mtu hujibu akiwa na njaa. "Ni dharau, Mama. Yule mkubwa wa ofisi anapelekwa kortini kwa kudharau mahakama."

Akavuta kiti, akaketi. "Mahakama ndiyo imedharauliwa?"

"Eeh."

"Si mimi?"

Chapo ziliisha na sikuwa na jibu. Miezi kadhaa baadaye bado najaribu kulipata, na njia niliyopata ni kulifuata hilo neno la Kiingereza mpaka linapolala.

Kisa chenyewe ni cha kawaida, pengine nyumbani kwenu kipo kama hicho. Mama alipiga deki ofisi moja ya umma kwa miaka 17. Ofisi yenyewe sitaitaja. Walipomwachisha kazi hawakumlipa malipo yake ya mwisho. Yeye na wenzake wanne wakaenda kortini, wakashinda. Jaji akaamuru walipwe ndani ya siku 60. Siku 60 zikapita, zikapita zingine. Ofisi haikukata rufaa, haikuomba muda, haikujibu barua. Ilinyamaza, basi. Sasa wakili anasema kilichobaki ni contempt.

Hili neno limetoka Kilatini, kwenye kitenzi contemnere, kumwona mtu au kitu kuwa hakina thamani. Kiingereza kilichukua nomino, kikachukua na kitenzi, contemn, halafu kitenzi kikafa njaa. Leo hakuna mtu Nairobi, wala London, atakayekuambia "I contemn you". Ukimsikia, mwangalie vizuri, huenda ni mshairi au ana homa. Kilichobaki ni nomino peke yake, na nomino haitembei, lazima ibebwe. Ndiyo maana Waingereza husema hold in contempt, kana kwamba dharau ni chumba na wewe unamshikilia mtu humo ndani.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa matamu. Ukisema nyumbani "I hold him in contempt", wewe ndiye unayedharau, naye ndiye anayedharauliwa. Jaji akisema maneno yale yale kortini, kila kitu kinageuka: sasa huyo mtu ndiye aliyedharau, na mahakama ndiyo iliyodharauliwa. Hakuna neno hata moja lililobadilika. Mshale tu ndio umegeuzwa. Sijui lugha nyingi, lakini sentensi inayoweza kusimama juu ya miguu na juu ya kichwa bila kubadilisha nguo si jambo la kila siku.

Vivumishi navyo vina mtego wao. Contemptuous ni yule anayedharau, contemptible ni yule anayestahili kudharauliwa. Watu waliosoma sana huvichanganya. Mtu anaandika kwenye mtandao kwamba fulani ni contemptible akimaanisha fulani ana madharau, na wasomaji wanaelewa tu, kwa sababu mwishowe anayedharau watu bila sababu huwa naye amejipatia tiketi ya kudharauliwa. Kuna pia beneath contempt, chini ya dharau, kwa mtu aliyeshuka sana mpaka hata dharau yako usingependa kuipoteza juu yake. Msemo huu unanifurahisha kwa sababu unaonyesha Waingereza wanavyoiwaza dharau: ni kitu cha kutoka juu kwenda chini, na kina sakafu.

Nje ya korti, contempt ni hisia, tena ya karibu sana. Ukiwa kijana wa mjini umeshaliona kwenye video za ushauri wa mapenzi. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Gottman, alichunguza wanandoa kwa miaka mingi akahitimisha kwamba hakuna dalili mbaya ya ndoa kuvunjika kama contempt: si kelele, si hasira, ila ule ubaridi wa kumwona mwenzako kuwa mdogo kwako. Mwenzake katika taaluma, Paul Ekman, aliyesoma nyuso za watu, alisema sura ya contempt ni ya upande mmoja: pembe moja ya mdomo inapanda, nyingine inabaki ilipo. Na mwaka wa 1963 Jean-Luc Godard alitengeneza filamu ya Kifaransa iitwayo Le Mépris, ambayo kwa Kiingereza inaitwa Contempt, kutoka kwa riwaya ya Alberto Moravia. Mke anaacha kumpenda mumewe, anaanza kumdharau, na mume anatumia filamu nzima akimwuliza kwa nini. Niliitazama nikiwa chuo, kwenye laputopu ya rafiki, na kwa muda mrefu nilifikiri mtengenezaji alisahau kuandika jibu. Sasa nadhani jibu lilikuwa pale mwanzoni kabisa, wakati mume anamwacha mkewe apande gari la tajiri wa filamu na yeye mwenyewe anatafuta teksi. Alimpima mkewe kwa thamani ya kazi aliyokuwa akiitafuta. Mke aliiona hiyo hesabu.

Kupima. Hilo ndilo neno nililokuwa nalitafuta, na Kiswahili kilikuwa nalo muda wote.

Angalia methali zetu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Usidharau dafu, embe ni tunda la msimu. Mdharau biu hubiuka yeye. Katika hizo zote hakuna anayemchukia mwiba, hakuna anayelichukia dafu. Aliyedharau amekosea vipimo. Ameangalia kitu akakiona kidogo, na ukubwa wa kitu hicho ukamfikia baadaye, kwenye mguu. Dharau ya Kiswahili kwanza ni kosa la macho, hisia inafuata. Ndiyo maana tunaweza kusema "usidharau hiyo mvua" na hakuna mtu anayefikiri mvua ina moyo wa kuumia. Jaribu kumwambia Mwingereza asishike mvua ndani ya contempt, uone atakavyokukodolea macho.

Kitenzi chetu pia kiko hai, na kina mkono wa mbele na wa nyuma: ananidharau, nilimdharau, wametudharau. Aliyetenda na aliyetendwa wanakaa ndani ya neno moja. Hata ukimficha mtendaji, tumedharauliwa, swali linabaki linaning'inia mdomoni: na nani? Mama hakuwa mjanja kuliko mimi aliponiuliza kama ni yeye au ni mahakama. Lugha yake ndiyo iliyomlazimisha kuuliza.

Tena tuna familia nzima ya majirani wa dharau, na kila mmoja ana kazi yake. Kubeza ni kukifanya cha mwenzako kionekane si kitu. Kukejeli na kudhihaki kuna kicheko ndani yake. Kutweza ni kumshusha mtu hadhi mbele ya wengine. Kupuuza ni kutojali, na mara nyingi ndiko kunakouma zaidi. Halafu kuna dharau zisizo na maneno, ambazo Ekman angepata shida kuzipiga picha: kubetua mdomo, kumpandisha mtu na kumshusha kwa macho kuanzia nywele mpaka viatu, na mfalme wa zote, msonyo. Msonyo mzuri, wa shangazi aliyelelewa Pwani, una urefu, una kona, una mwisho. Unaweza kumaliza harusi.

Sheng ikaja ikaongeza yake. Dharau moja haikututosha, tukaipa wingi: madharau. "Huyo msee ako na madharau." "Wacha kuniletea madharau." Wingi huo si wa bure. Dharau ni tendo, madharau ni tabia, ni kitu mtu anatembea nacho kama manukato. Na tukapata "usinibebe ufala", ambayo inanikumbusha ile hold ya Kiingereza, isipokuwa hapa anayebebwa ndiye anayeongea, na anakataa kubebwa. Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, kila aliyeulizwa alizungumzia kodi, mkate na bando. Lakini ukikaa nao ukinywa chai, neno lililorudi mara nyingi lilikuwa madharau. Mtu anaweza kuvumilia kukatwa pesa. Kukatwa pesa huku anachekwa kwamba alikuja maandamano na Uber, hapo ndipo damu huchemka.

Sasa turudi kortini, kwa sababu huko contempt lina historia ambayo haina uhusiano wowote na mapenzi ya Wafaransa.

Sheria ya contempt tuliirithi kwa Waingereza, na kwa Waingereza mwanzo wake ni mfalme. Jaji alikaa pale badala ya mfalme, kwa hiyo kumdharau jaji ni kumdharau mfalme. Wanafunzi wa sheria hupenda kisa cha mwaka wa 1631, mji wa Salisbury: mfungwa aliyekuwa ametiwa hatiani alimrushia Jaji Mkuu Richardson kipande cha tofali. Kilimkosa kidogo tu. Mfungwa akakatwa mkono wa kulia, mkono ukapigiliwa kwenye mti wa kunyongea, naye akanyongwa papo hapo mbele ya mahakama. Wachana na ukatili kidogo, angalia mantiki. Nani alidharauliwa? Jaji, na nyuma yake mfalme. Mshale uko wazi kabisa, unatoka chini kwenda juu. Ni kinyume kamili cha dharau ya kawaida, inayotoka juu kwenda chini.

Kenya ikapata uhuru, ikabaki na mshale ule ule. Sheria ya Idara ya Mahakama ya mwaka wa 1967, kifungu cha 5, iliipa Mahakama Kuu yetu mamlaka ya kuadhibu contempt sawa na yale ya Mahakama Kuu ya Uingereza. Yaani ili ujue kama mtu wa Kakamega amedharau korti, wakili alilazimika kuchungulia wanafanyaje London. Kanuni ya Adhabu nayo, kifungu cha 121, inafanya kuwa kosa kuonyesha utovu wa heshima, kwa maneno au kwa mwenendo, ndani ya jengo ambamo kesi inasikizwa au hata kwenye viunga vyake. Kumbuka hicho kifungu. Tutakirudia kule kwenye korido.

Mwaka wa 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Kudharau Mahakama, ya kwetu wenyewe. Ilikuwa na kifungu cha 30 kilichosema kwamba kabla hujamfikisha afisa wa taasisi ya serikali mbele ya jaji kwa contempt, lazima apewe kwanza ilani ya angalau siku 30 aeleze kwa nini asichukuliwe hatua. Ukisoma haraka unaona ni utaratibu tu. Ukisoma ukiwa na mama aliyesubiri siku 60, unaona kitu kingine: anayeweza kuipuuza korti kwa mwezi mzima tena ni mwenye ofisi. Novemba 2018 Jaji Chacha Mwita aliibatilisha sheria yote, na kifungu hicho kikiwa miongoni mwa sababu zake. Kwa hiyo tukarudi kwenye kifungu cha 5 na kuchungulia London.

Na contempt lenyewe halijapungua. Machi 2018 Jaji George Odunga aliwatoza aliyekuwa Waziri wa Usalama, Fred Matiang'i, Inspekta Jenerali Joseph Boinnet na mkuu wa uhamiaji Gordon Kihalangwa faini ya shilingi 200,000 kila mmoja, kwa kukosa kutii amri kuhusu Miguna Miguna. Wakati faini hiyo inatolewa, Miguna alikuwa Dubai, alikopelekwa kwa nguvu. Septemba 2024 Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu Gilbert Masengeli, aliyekuwa kaimu Inspekta Jenerali, kifungo cha miezi 6, kwa kutofika kortini licha ya kuitwa tena na tena. Alitakiwa aeleze walipo watu watatu waliochukuliwa Kitengela mwezi wa Agosti: Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton. Jaji akampa siku 7 ajitokeze kabla kifungo hakijaanza. Katikati ya siku hizo, Idara ya Mahakama ikalalamika hadharani kwamba jaji ameondolewa walinzi wake. Polisi wakasema walinzi wameitwa kwenye mafunzo. Septemba 20 watu wale watatu wakapatikana wakiwa hai. Siku hiyo hiyo Masengeli akafika kortini na adhabu ikaondolewa.

Kwa Kiingereza wanasema alikuwa ame-purge contempt yake. Purge. Nilicheka peke yangu nilipokutana na hilo neno, kwa sababu kitu cha ku-purge kwetu kinaitwa haluli, na mtu akinywa haluli nyumba nzima hujua. Kortini si hivyo. Unafika, unaomba radhi kwa Kiingereza kizuri, umeshasafishika.

Na aliyekaa siku 32 gizani akisubiri mtu afike kortini? Katika sarufi ya contempt, yeye hayumo kwenye sentensi. Sentensi ina watu wawili tu, afisa na mahakama. Amri ilikuwa kwa ajili yake, lakini dharau haikumfikia, kisheria. Ilipita juu ya kichwa chake ikaenda kwa jaji.

Kwa muda nilidhani tatizo ni tafsiri. Nikawa na nadharia, na nikaisambaza kwa marafiki kwa kujiamini sana, kwamba tuliharibu mambo tulipoamua kuita contempt of court "kudharau mahakama". Magazeti yetu ya Kiswahili hutumia pia neno jingine, kukaidi: fulani amekaidi amri ya korti. Hilo ndilo sahihi, nilisema, kwa sababu contempt ya namna hii haina moyo ndani yake. Majaji wenyewe husema kinachoangaliwa ni mambo ya wazi: je, amri ilieleweka? Je, ulijua ipo? Je, uliivunja makusudi? Hakuna anayeuliza kama ulibetua mdomo. Ukaidi ni tendo, unaweza kulihesabu kwa kalenda. Dharau ni hali ya moyo, na moyo una wakili.

Bado naamini sehemu hiyo, na nilithibitisha kwa macho yangu. Siku ya kesi ya Mama tulifika saa mbili na nusu. Kabla hatujaitwa, simu ya kijana mmoja iliita. Ilikuwa wimbo wa gengetone, tena kwaya yake ile isiyofaa kusikika kanisani. Jaji hakupandisha hata sauti. Kijana akaambiwa asimame pembeni, karibu na askari, mpaka mapumziko ya mchana, na karani akamweleza kwa nini: umedharau mahakama. Kijana alitetemeka. Alikuwa amevaa suti ya kuazima, mikono inafika kwenye vidole. Kama kuna mtu aliyeiheshimu mahakama siku hiyo, ni yeye.

Halafu tukaitwa. Mkubwa wa ofisi hakuwepo. Wakili wake alikuwepo, na sijawahi kuona mtu anayeinama vizuri vile. Aliinama akiingia, akainama akisimama, akasema kwa heshima zote zinazostahili, tena kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba mteja wake hajawahi kuwa na dharau yoyote kwa mahakama hii tukufu. Na alikuwa anasema kweli! Mteja wake hakuwa na dharau kwa mahakama. Hakuwa anaifikiria mahakama hata kidogo. Ukimshtaki mtu kwa dharau, anajitetea kwa adabu, na adabu ni bei rahisi, unaikodisha kwa saa. Ukimshtaki kwa ukaidi, kuinama hakumsaidii: umelipa au hujalipa?

Lakini hapo ndipo nadharia yangu ilipoanza kuvuja, kwa sababu ya Mama. Nilikuwa nimemfundisha neno ukaidi usiku uliotangulia, nikampa na maelezo yangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa heshima. Kisha akasema, "Ukaidi ni wa mtoto na mzazi. Umemwambia aoshe vyombo, amekataa. Huyu hakukataa. Huyu hakuniona."

Huyu hakuniona. Nimeligeuza hilo kila upande na sijapata pa kulipinga. Ukaidi unahitaji watu wawili wanaokabiliana. Mkaidi anakujua, anakuangalia usoni, anasema sifanyi. Ofisi ile haikumkabili Mama hata mara moja. Ilimpima, mpiga deki wa miaka 17, ikaona uzito wake, ikaendelea na shughuli zake. Hiyo si contempt ya Salisbury, tofali kutoka chini kwenda juu. Hiyo ni dharau ya methali, ya kuangalia mwiba na kuona mwiba tu.

Kwa hiyo tafsiri yetu ni mbovu na ni kweli kwa wakati mmoja. Kama hati ya mashtaka, "kudharau mahakama" inampa mwenye makosa mlango wa kutokea. Kama maelezo ya kilichotokea, neno dharau linaona kitu ambacho Kiingereza hakikukiona, bora tu ulisogeze kutoka kwa mahakama ulipeleke kwa mwenye amri. Ningependa siku moja nisikie jaji wa Kenya akiandika, kwa Kiswahili, kwamba afisa fulani amekaidi amri ya korti na kwa kufanya hivyo amemdharau fulani bin fulani, jina kamili, kwa sababu amri ile ilikuwa mali yake. Maneno mawili, kila moja kwenye kazi yake. Na usiniambie Kiswahili hakitoshi kuandikia hukumu. Lugha yenye msonyo wa kumaliza harusi haiwezi kushindwa na aya tatu za uamuzi.

Kesi iliahirishwa. Wakili yule alisema mteja wake ameanza "mchakato wa ndani", jaji akaguna, akatoa tarehe nyingine na onyo kali. Kijana wa simu alikuwa bado amesimama pale pembeni tulipotoka.

Kwenye korido, Mama alisimama karibu na benchi, akarekebisha leso yake, na akasonya. Haukuwa msonyo mrefu. Alikulia Webuye, si Pwani, hana ile kona ya katikati. Lakini korido ni ya sakafu ya mawe, na sauti ilifika.

Askari wa kike aliyekuwa mlangoni akageuka. "Mama, hapa ni mahakamani. Hiyo ni dharau."

"Pole, mwanangu," Mama akasema. "Haikuwa ya mahakama."

Askari akamwangalia, akaangalia mlango wa chumba cha jaji, akamsogezea benchi. Tukakaa hapo karibu nusu saa kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na wenzake wanne walitaka kujua tarehe mpya ni lini, na mmoja wao, ambaye hasikii vizuri, aliuliza mara tatu. Jioni wakili akatuma ujumbe. Safari hii Mama aliusoma mwenyewe mpaka mwisho, akaandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni, na pembeni yake akaandika jina la yule mkubwa wa ofisi, majina yote matatu, kwa herufi kubwa.